Sote Tunakaa Kulia Kwako

Baba,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa kumtakia mtu afya njema na kumwambia kwamba sisi huku hatujambo. Yangu haitaanza hivyo. Sitakuuliza hali yako, kwa sababu najua utajibu nini, na jibu lako hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Naandika hapa hapa nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, nawe uko uwani unamwonyesha Idi namna ya kukunja shati lisipate makunyanzi ndani ya begi. Nasikia unavyomwambia, "Jeshini ukikunja hivyo unakimbizwa uwanja mzima." Idi anacheka. Kwa kawaida mzazi ndiye anayemwandikia mtoto anayeondoka. Kwetu anayeondoka ni wewe, na kwa jambo hili moja nimejikuta nina wasiwasi wa mzazi, basi nivumilie niwe mzazi kwa kurasa hizi chache. Ana kwa ana siwezi, unajua. Nikianza tu navua miwani naifuta, nawe unasema, "Haya mama, utaniambia baadaye," na hiyo baadaye haijawahi kufika. Isome ukishakaa kwenye basi, mji ukishabaki nyuma.

Mambo ya njiani sitayagusa. Mama ameshakwambia mahali pa kuweka pasipoti, chakula kipi kiliwe kwanza, na nani usimwachie begi mpakani. Mimi nina neno kuhusu chumba kile tu, kile utakachoingia Dar es Salaam mbele ya bodi ya madaktari, wakiwa na faili lako mezani. Unakumbuka barua ya kuitwa ilivyosema: uamuzi wao ndio wa mwisho. Wakisema mguu na sikio lako viliharibika kazini jeshini, utapasuliwa nyonga na kupata fidia ya kila mwezi, na utaacha kazi hii ya ulinzi, ya kusimama getini. Wakisema huna kitu, utarudi Johannesburg kusimama mpaka siku utakayoanguka. Hakuna la tatu.

Nataka nikukumbushe tulivyokuandaa mwaka jana kwa ule uchunguzi wa kwanza, kwa daktari wa hapa aliyetakiwa kukuangalia na kupeleka ripoti Dar es Salaam. Mama aliamka kabla ya adhana, akapasha moto mafuta ya karafuu, akakukanda nyonga na goti mpaka ngozi ikang'aa. Mimi nilipiga pasi suruali yako ya kijivu, nikaweka mkunjo uliosimama kama kisu. Idi aling'arisha viatu. Ulimeza vidonge vya maumivu mara mbili ya kawaida yako, ukasema hutaki kumwaibisha Mama mbele ya watu. Mjomba Saidi alikuja kutuchukua kwa gari lake kutoka Fordsburg, akakuangalia kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Shemeji, tunakwenda hospitali au tunakwenda kuposa?" Tulicheka njia nzima. Kila taa ya barabarani, robot kama wanavyoiita huku, ilipokuwa nyekundu, Mjomba aliwashushia kioo wauza matunda na kuwatangazia kwamba amembeba bwana harusi.

Ndivyo tulivyokupeleka, Baba. Hakuna mgonjwa aliyewahi kupelekwa kwa daktari akiwa amefutwa ugonjwa wake kwa uangalifu namna ile.

Pale mlangoni palikuwa na lifti, na mbele yake wamama wawili wazee na mtoto kwenye kigari. Uliwapisha. "Sisi tutapanda ngazi," ukasema, nami nikafurahi kwa sababu nilikuona mstaarabu. Ulipanda ukiwa umeshika mkono wa ngazi kana kwamba unaugusa tu, na nyuma yetu alikuwa anapanda mtu mwenye kikombe cha kahawa. Ulimpisha naye, ukamsabahi kwa Kiingereza chako cha getini. Ndiye aliyekuwa daktari. Kumbe uchunguzi ulishaanza pale kwenye ngazi, na sisi tulidhani bado tuko njiani.

Mengine uliyaona, lakini hukuyasikia kwa masikio yangu. Aliniambia, "Muulize anaendeleaje."

Nikasema, "Baba, anauliza unaendeleaje."

"Mwambie nzuri tu, namshukuru Mungu."

Nikamwambia, neno kwa neno, kwa sababu mwalimu wetu hutufundisha kwamba mkalimani hapunguzi wala haongezi. Akauliza kuhusu maumivu. Ukasema, "Ya kawaida." Akauliza kama yanakuzuia kufanya kazi, nawe ukajinyoosha kitini: "Mwambie mimi sijawahi kukosa zamu. Mvua, baridi, mgomo wa teksi, sijawahi." Ni kweli tupu, na uliisema kwa fahari. Nikaitafsiri na fahari yake. Kisha akakulaza, akakwambia upinde goti, ukalipinda mpaka likagoma lenyewe. Niliona mishipa ya shingo imekutoka na jasho linashuka kwenye sikio. Akauliza, "Inauma?" Ukamtazama mtu yule aliyekuwa na umri wa kuwa mdogo wako, ukatabasamu. "Kidogo tu, dokta. Endelea na kazi yako."

Ripoti ilipofika niliisoma kwa sauti sebuleni. Iliandika kwamba wewe ni mchangamfu, nadhifu, mwenye kushirikiana na daktari. Ilisema ulipanda ngazi bila msaada. Ilisema goti linapinda kiasi cha kuridhisha, na kwamba unasikia vya kutosha kwa mazungumzo ya kawaida. Ilisema huna malalamiko makubwa. Uliposikia "nadhifu" uliitikia kwa kichwa. "Angalau hilo ameliona," ukasema. Mama aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Nimemchukia daktari yule mwaka mzima. Natembea kwenda shule namchukia, nakaa maktaba namchukia. Lakini kila nikitafuta uongo katika ripoti yake siupati, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliandika alichoonyeshwa, ingawa angeweza kutazama jasho. Mtu aliyesoma miaka yote ile angeweza kujiuliza mwanajeshi mwenye vyuma vya bomu nyongani ametabasamia nini. Hakujiuliza. Alikuwa na watu wengine nje wanasubiri, na wewe ulikuwa mgonjwa rahisi.

Unakumbuka ulipokata rufaa dhidi ya ripoti ile na Mjomba akatuita dukani kwake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya robota la vitambaa, na kitabu changu, najifanya nasoma. Mjomba alisimamisha cherehani.

"Shemeji, wewe si mgonjwa. Wewe ni mshamba."

"Haya, nifundishe mjini."

"Safari hii unakwenda na magongo mawili. Ukifika mlangoni unadondosha moja. Dokta akiliokota, umeshapata."

"Na likiokotwa na mfagiaji?"

"Unalidondosha tena! Nakwambia kuna mtu namjua, kaazima fimbo ya babu yake, kaingia nayo akilia. Leo analipwa amekaa."

"Mpe salamu zake," ukasema. "Na fimbo airudishe, babu asije akaanguka."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Bakari, sikutanii. Utakufa umesimama kwenye lile geti." Nawe ukajibu maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile: "Mimi siwezi kuigiza, Saidi. Sikulelewa hivyo. Sitakwenda kujichechemesha mbele ya watu kama ombaomba."

Nilitaka kusema kitu pale pale. Nikafunua ukurasa mwingine. Sasa nakisema.

Wewe unaigiza, Baba. Unaigiza kila siku, na unaigiza vizuri kuliko yule mwenye fimbo ya babu yake. Yeye aliigiza mgonjwa kwa asubuhi moja, wewe umeigiza mzima tangu nikiwa mtoto mchanga. Sijui kama Mungu ameutenga uongo wa kujishusha na uongo wa kujipandisha. Ninachojua ni kwamba ule wa kwanza ulimlisha mtu, na wa kwako unakula mguu wako.

Twende kwenye viberiti. Kila unaporudi kutoka kazini, teksi inakushusha pale kwenye robot, na badala ya kuja nyumbani moja kwa moja unasimama kwenye spaza, kile kiduka cha kona. Unanunua kiberiti. Unakaa juu ya kreti, unamuuliza yule mama habari za wanawe, mpaka mguu ukubali tena, ndipo unaingia mtaa wetu huu wa La Rochelle ukitembea kama mtu aliyekuwa anapiga soga. Droo ya jikoni imejaa viberiti, Baba. Jiko letu ni la umeme na hakuna anayevuta sigara. Mama anavipanga. Hajawahi kukuuliza, wala mimi, wala Idi, ambaye huuliza kila kitu. Kuna siku uliingia na viberiti viwili, na Mama akasema tu, "Leo palikuwa na baridi getini," akakuwekea maji ya moto.

Na Ijumaa. Nyumbani unasali kwenye kiti, na dini imekuruhusu. Msikitini Fordsburg unasimama safu ya mbele, unarukuu na kusujudu kama vijana, kwa sababu wapo watu wa Tanga waliokujua ukiwa na magwanda. Jumamosi huwezi kuvaa soksi. Idi anakuvalisha na kuimba ule wimbo wake wa treni, nanyi wawili mmekubaliana kwamba huo ni mchezo.

Sikutajii haya kukuaibisha. Nakutajia kwa sababu madaktari wa bodi hawajaiona droo yetu.

Kuhusu sikio nina jambo ambalo mwenyewe nililigundua mwaka huu tu. Unamkumbuka Thandi, rafiki yangu wa darasani, alivyokuja kufanya kazi ya historia? Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akakusalimia vizuri, akakuomba kalamu. Ukamtabasamia, ukatikisa kichwa mara mbili, ukaendelea kutazama mpira. Alirudia. Ukatabasamu tena. Nilipomsindikiza aliniuliza, "Baba yako ananichukia? Au hataki watu wa hapa nyumbani kwake?" Nilikasirika nikamjibu vibaya, na ameacha kuja.

Niliporudi ndani nilisimama mlangoni nikakitazama chumba. Kiti cha Mama kiko kulia kwako. Mkeka wa Idi uko kulia kwako. Kigoda changu, redio, simu ikichajiwa, vyote kulia. Kushoto kwako kuna dirisha na kile kiti cha wageni, na wageni hatuna. Hakuna aliyepanga. Hatukuwahi kukaa kikao tukasema, Baba hasikii upande huu, tuhamie ule. Hata Idi alipoanza kutembea, akiwa kushoto kwako barabarani alizunguka nyuma yako akaja kulia, ndipo akaanza kusema. Tulihama sote polepole, mpaka nyumba nzima ikaegemea upande mmoja, na baada ya hapo hakuna aliyeona tena kwamba una sikio bovu. Nadhani hata wewe uliacha kuliona.

Sasa rudi na mimi kwenye chumba cha daktari. Kiti cha mkalimani kilikuwa kimewekwa kushoto kwako. Nilikinyanyua nikakipeleka kulia. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikujiambia. Mikono ilifanya tu. Kila swali la daktari lilikufikia kupitia kwangu, kwenye sikio zima. Aliandika kwamba unasikia vya kutosha, na alikuwa sahihi: ukiwa na sisi, unasikia. Lile bomu lilichukua sikio lako, sisi kwa mapenzi yetu tukalificha shimo lilipo, mpaka mtu aliyekuja kulipima hakuliona.

Nimekaa na jambo hili kwa uchungu ambao sijui nimpe nani. Walikutuma kulinda amani ya nchi ya watu, na uliporudi na vyuma mwilini wakakuuliza kama u mzima. Nawe, kwa kuwa ulifundishwa kwamba mtu akikuuliza hali unasema nzuri, hata kama umetoka kuzika, ukasema nzuri. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya uongo wote huu. Malezi mema ya bibi kule Tanga yamegeuzwa ushahidi dhidi yako. Ustahimilivu waliokufunza wenyewe kwa filimbi na viboko, sasa wanauandika kwenye faili kama afya. Nikiwaza hivyo natamani kupasua kitu. Halafu nakumbuka mimi ni mtu wa kukunja kona za kurasa na kuomba radhi kwa kitabu.

Kwa hiyo ninakuomba, na ninaogopa kukuomba, kwa sababu hapa Kiswahili kitatuponza kuliko Kiingereza. Daktari wa hapa alikuwa mgeni kwako. Wa kule watakuwa watu wako. Watakwambia, "Pole na safari, mzee wangu," na ulimi utajibu, "Nimeshapoa," kabla hujafikiri. Watauliza habari za Johannesburg, utasema nzuri. Habari za familia, nzuri. Habari za afya, na pale ndipo mlango ulipo, Baba, na utaupita kwa mwendo ule ule wa nzuri, nzuri, nzuri, mpaka nje. Wajibu salamu zao zote kama ulivyolelewa. Wakifika kwenye afya, nyamaza kidogo. Nyamaza tu, uisikie ile nzuri ikija, uiache ipite. Halafu waambie kuhusu kreti ya kwenye spaza.

Pengine mmoja wao atakuwa meja. Najua utasimama wima na visigino vitagongana. Siwezi kukuzuia na sitaki. Mpigie saluti yake. Ukishamaliza, mguu ukidai kiti, omba kiti. Wakikwambia upinde goti, pinda mpaka pale linapoanza kukata, uishie hapo, useme ndipo mwisho wake. Kule kwingine ulikokuwa unalipeleka kwa jasho si goti, ni ubishi. Vidonge meza vile vile ulivyoandikiwa, usiongeze. Na Mama ameweka chupa ya mafuta ya karafuu kwenye mfuko wa pembeni wa begi, nimemwona, ameifunga kwa leso yake. Yatumie njiani yote ukitaka. Asubuhi ile usiyapake. Nilimwambia Mama hivyo, akaniangalia kama nimemwambia asikupe maji. "Kwa hiyo nimpeleke baba yako kwa watu akiwa anaumwa?" Nikasema, "Ndiyo, Mama." Akasema, "Watoto mliosoma mna roho ngumu." Lakini baadaye nilimkuta amekaa na ile chupa mapajani, hajaipakia wala hajaitoa.

Wakiuliza siku zako zikoje, usiwape ile siku uliyovaa suruali ya kijivu. Wape Jumamosi. Waambie nani anakuvalisha soksi. Waambie kwamba unalala umeketi, na kwamba fataki za mwaka mpya zinapoanza Hillbrow, unaomba zamu ya ndani kabisa, kwenye egesho la magari la chini, na unakaa kule umeziba masikio yote mawili, lile zima na lile bovu. Usiongeze hata chumvi kidogo. Sitaki ulie, sitaki udondoshe gongo la Mjomba. Nataka waone kile tunachokiona sisi tukiwa tumefunga mlango, basi. Uchi wako ni wako na ni dhuluma kwamba lazima uuonyeshe ili uaminiwe. Sina namna nyingine ya kuliweka. Nimesoma kila nilichopata maktaba kuhusu uchunguzi wa namna hii, na hakuna mahali pameandikwa jinsi mtu anavyobaki na heshima yake akiwa anaeleza anavyokwenda chooni. Ningekuwa nimepata, ningekunakilia.

Jana tulijaribu mazoezi, unakumbuka. Idi alivaa koti lako la mvua, akajitundika kamba ya simu shingoni kama kile kidude cha kusikilizia moyo, akapanda juu ya kiti ili awe mrefu.

"Mzee Bakari! Kaa. Habari ya afya?"

"Nzuri tu, dokta."

"Eish, Baba! Umefeli. Toka nje, ingia tena."

Ukatoka, ukabisha hodi, ukaingia.

"Mzee Bakari. Habari ya afya?"

Ukakuna kichwa. Ukamtazama Mama. "Afya... afya si mbaya."

"Umefeli tena! Hii ni mbaya kuliko ya kwanza!"

Tulicheka wote, hata Mama. Lakini mara ya nne hukuingia. Ulibaki nje ya mlango, na Idi akasubiri juu ya kiti na kamba yake, akaita, "Next!" kama anavyosikia zahanati, na hukuingia. Nilikuchungulia kwenye ufa. Ulikuwa umeegemea ukuta, midomo inatembea. Ulikuwa unajaribu kulisema peke yako na lilikuwa halitoki.

Naijua hali hiyo. Nilipokuwa darasa la tano nilikaa mwaka mzima bila kuona ubao. Mwalimu aliuliza, "Mnaona wote?" nami nikaitikia na wenzangu, "Tunaona." Alama zilianguka, ukaitwa shule, nikapelekwa kupimwa macho. Ulinishika bega nje ya duka la miwani, umekasirika kuliko nilivyowahi kukuona. "Kwa nini hukusema? Mwaka mzima! Kwa nini mtu asiseme?" Nikakujibu kwamba sikutaka kumsumbua mwalimu. Hasira ikakutoka usoni yote kwa mara moja. Uliachia bega langu, ukaniambia tukanunue soseji. Nilikuwa mdogo, nikadhani umenisamehe. Sasa nadhani ulijiona.

Mama ananiita nitandike meza. Leo nitakaa kulia kwako, kama kawaida, kwa sababu ni chakula cha mwisho na ninataka unisikie.

Kesho kituoni nitafanya tofauti. Patakuwa na makelele, makondakta, watu na mizigo yao. Mama atakuaga, Idi atakuaga, na mimi nitakuja mwisho, nitakupa bahasha hii, halafu nitasimama kushoto kwako. Nitasema kitu. Kitakuwa kirefu kuliko kwaheri, na nitakisema kwa sauti yangu hii hii ndogo, sitapaza. Utaniona midomo inatembea. Najua utakachofanya: utatabasamu, utatikisa kichwa mara mbili, utanigusa kilemba. Ukifanya hivyo sitakuambia nilisema nini, nami nitarudi nyumbani na Mama na Idi nikijua umeshafeli kabla basi halijawashwa.

Kwa kuwa barua hii utaisoma baadaye, kesho kituoni hutajua kwamba nakupima. Ndivyo nilivyotaka. Hata wao hawatakwambia wanaanza saa ngapi.

Kama unaisoma sasa na moyoni unajua ulitikisa kichwa tu, usinipigie simu kuniuliza nilisema nini. Bado una njia ndefu, na kando yako, kushoto, kuna mtu amekaa. Ataongea nawe, watu wa safari huongea. Mgeukie umwambie, "Sikusikia, ndugu yangu. Sikio hili ni bovu, liliharibikia vitani." Hakujui, hatakuona tena. Mwambie yeye kwanza. Akiuliza tena, mwambie tena, mpaka maneno hayo yaizoee midomo yako.

Na kama kesho utanigeukia, ukasema, "Sikusikia, mama, rudia," basi nitakuwa nimezunguka nikaja kulia, nimekwambia, na utakuwa umekwisha kuyajua niliyosema.

Mimi mwanao,
Zuhura